Macho Makavu na Tiba za Ayurveda: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni ya watu wanaokuja kwetu kliniki ya macho hapa Mombasa, pamoja na wanaoniandikia kutoka Dar es Salaam, Nairobi na Muscat. Wengi wamesikia kwamba kule Kerala, kusini mwa India, kwa Ayurveda, yaani tiba ya jadi ya India, macho hujazwa samli yakapona, na wanataka kujua kama itawafaa. Mimi ni muuguzi wa macho, si vaidya, yaani tabibu wa Ayurveda. Lakini tiba hii nimeisoma kwa miaka na ninaiheshimu, na kwa sababu hiyo sipendi kuiona ikifanywa ovyo.

Macho makavu ni ugonjwa gani? Mbona yangu hayakauki, yanatiririka machozi?

Hili huchanganya watu kuliko yote. Juu ya jicho kuna utando mwembamba wa machozi. Chini yake kuna ute unaoshikamana na jicho, katikati kuna maji, na juu kabisa mafuta. Mafuta hayo hutoka kwenye tezi ndogo zilizojipanga ukingoni mwa kope, na kazi yake ni kuzuia maji yasikauke. Tezi zikiziba, maji hukauka upesi, jicho linawasha, na jicho likiwasha hutoa machozi mengi ya ghafla yasiyo na mafuta ya kutosha. Yanamwagika shavuni na kuliacha jicho vilevile. Mtu anaweza kushinda na kitambaa mkononi na bado ugonjwa wake ukawa ni ukavu.

Dalili nyingine ni kuhisi mchanga machoni, kuchoma, wekundu unaozidi jioni, ukungu unaoondoka ukipepesa kope, na tabu ya kufungua macho unapoamka.

Nitajuaje ukavu wangu ni wa aina gani?

Kwa kupimwa. Kuna jicho linalotoa maji kidogo, na kuna jicho ambalo maji yake yapo ila hukauka haraka kwa sababu ya mafuta kupungua. Aina hii ya pili ndiyo tunayoiona zaidi, na wagonjwa wengi wana zote mbili.

Vipimo vyenyewe ni vyepesi. Kipande cha karatasi hukunjwa ncha na kuning'inizwa kwenye kope la chini kwa dakika 5, kisha hupimwa sehemu iliyolowa. Ikizidi milimita 10 hakuna wasiwasi, ikiwa chini ya 5 ukavu ni mkali. Kipimo cha pili ni tone la rangi ya manjano. Unaambiwa usipepese, tunaangalia kwa taa ya buluu na kuhesabu sekunde mpaka utando uanze kuachana. Ukiachana kabla ya sekunde 10, utando wako ni dhaifu. Hospitali kama CCBRT ya Dar es Salaam, KCMC ya Moshi na ile ya macho ya Kikuyu huyafanya haya kila siku.

Tutakuuliza pia dawa unazotumia, kwa kuwa za mzio, za chunusi kali na baadhi ya zile za sonona hukausha macho. Tutauliza kama hedhi imekoma, kama una kisukari, kama una baridi yabisi. Mtu mwenye macho makavu pamoja na mdomo mkavu kiasi cha kushindwa kumeza mkate bila maji tunamfikiria ugonjwa wa Sjögren, ambao kinga ya mwili huzishambulia tezi za machozi na mate. Huyo anahitaji vipimo vya damu, na hakuna tone wala samli itakayochukua nafasi ya vipimo hivyo. Na kwa wanaotoka sehemu zenye trakoma, yaani vikope, tunageuza kope kwanza kuangalia kama nywele zimepinda zikawa zinakwaruza jicho.

Ninasisitiza jambo hili kwa sababu karibu madhara yote ninayoyaona yanaanzia hapo: mtu amemimina kitu jichoni kabla ya kujua jicho lina nini.

Ayurveda yenyewe inasemaje kuhusu ukavu wa macho?

Inaujua tangu zamani sana. Kitabu cha Sushruta, tabibu wa kale wa India, katika sehemu yake ya mwisho iitwayo Uttara Tantra, kinaorodhesha magonjwa 76 ya macho. Mmojawapo ni shushkakshipaka: jicho lililojifumba, kope ngumu na kavu, kuona kwa ukungu, na kulifungua ni mateso. Mgonjwa wangu yeyote wa asubuhi angejitambua humo.

Kwa mafundisho hayo mwili unaongozwa na nguvu tatu, vata, pitta na kapha. Vata ni ya upepo: kavu, nyepesi, baridi, isiyotulia. Ukavu wa macho ni vata iliyozidi, na Vagbhata, mwandishi wa baadaye, aliongeza pitta, ambayo ni ya moto. Kinachotuliza vata ni mafuta, joto la wastani na mapumziko. Ndiyo maana tiba za ugonjwa huu zinazunguka samli: Sushruta anaagiza samli ya kunywa, samli ya kujazwa machoni, na mafuta ya kutiwa puani.

Huhitaji kuamini habari ya vata ili uone kwamba walikuwa wanaangalia wagonjwa kwa makini. Upepo, moshi, vumbi, kukesha, kulia sana na kukodolea macho vitu vidogo vimetajwa katika vitabu hivyo kuwa vinaharibu macho. Nami ninawaambia wagonjwa yaleyale, nikiongeza feni inayopuliza usoni usiku kucha, kiyoyozi cha ofisini na moshi wa jiko la kuni.

Tarpana ni nini, na inafanywaje?

Tarpana ndiyo hiyo ya kujaza samli. Ni mojawapo ya tiba tano za macho alizozieleza Sushruta. Nyingine ni matone, kumwagia jicho dawa kwa mchirizi mwembamba, wanja wa dawa, na putapaka, ambayo ni utomvu wa dawa zilizookwa ndani ya majani.

Mgonjwa hulazwa chali katika chumba kisicho na upepo, jua kali wala vumbi. Unga wa choroko nyeusi, zile Wahindi wanazoziita urad, hukandwa kwa maji mpaka uwe mgumu wa kufinyangika. Unafinyangwa mviringo kuzunguka tundu la jicho, juu ya mfupa, kimo cha vidole viwili, kama ukuta wa kisima kidogo. Mtabibu hupitisha kidole kilicholowa kwenye mshono wote, ndani na nje, kwa sababu pakiwa na ufa samli itatiririka sikioni.

Samli yenyewe ni ya ng'ombe, iliyopikwa na dawa. Ya triphala, mchanganyiko wa matunda matatu nitakaoueleza mbele, hutumika sana, na ya mmea uitwao jivanti pia. Huyeyushwa kwa kuwekwa kwenye bakuli la maji ya moto, haikaangwi motoni, na hupimwa joto kwanza kwenye mkono. Inamiminwa pembeni, karibu na pua, macho yakiwa yamefumbwa, mpaka ifunike nywele za kope. Hapo mgonjwa anaambiwa afungue macho taratibu, afumbe, afungue tena. Anaona nuru ya kimanjano na vivuli tu. Vitabu vinapima muda kwa kuhesabu: kwa ugonjwa wa vata, hesabu 1000. Hospitali za leo hutumia saa, na mara nyingi ni dakika 10 hadi 20.

Muda ukiisha, ukuta hutobolewa upande wa sikio, samli ikachuruzika kwenye pamba au bakuli, unga ukaondolewa na uso kufutwa. Kuona kunabaki na ukungu kwa muda. Siku hiyo mgonjwa hatazami jua, hakai kwenye upepo, hasomi, hashiki simu. Kazi hurudiwa siku kadhaa mfululizo, kwa kipimo cha vaidya.

Inauma?

Tarpana iliyofanywa vizuri haiumi. Wengi husema ni joto zuri na hulala usingizi. Ikichoma, mwambie mtabibu papo hapo. Samli ni moto mno, au jicho lina kidonda ambacho hakikuonekana, na vyote viwili ni sababu ya kusimama.

Matone ni habari nyingine. Elaneer kuzhambu, dawa ya Kerala inayopikwa kwa maji ya dafu ikatiwa asali na kafuri, huchoma hasa. Wapo wanaoamini mchomo huo ni dalili ya dawa kufanya kazi. Kwa jicho kavu lenye michubuko, mimi siipendi.

Kuna ushahidi kwamba inasaidia?

Upo, lakini ni mwembamba. Vyuo vya Ayurveda vya India vimefanya tafiti za tarpana kwa macho makavu, na nyingi zinaripoti nafuu. Tatizo ni kwamba wagonjwa ni wachache, muda ni mfupi, na mara nyingi hakuna kundi la kulinganisha.

Kwa nini kundi la kulinganisha ni muhimu hivyo? Angalia yaliyotokea Marekani kwa mafuta ya samaki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliwapa watu 535 wenye macho makavu ama omega-3, miligramu 3000 kwa siku, ama mafuta ya zeituni, kwa mwaka mzima, bila wao kujua wanapewa kipi. Waliopewa omega-3 walipata nafuu. Waliopewa mafuta ya zeituni nao walipata nafuu, na tofauti kati yao haikuwa ya maana. Ugonjwa huu hupanda na kushuka wenyewe, na mtu huja kutibiwa siku zile mbaya kuliko zote. Chochote utakachompa wakati huo kitaonekana kimefanya kazi.

Maoni yangu ni haya. Sehemu ya joto ninaielewa kabisa. Mafuta yaliyoganda kwenye tezi za kope huyeyuka yakipashwa, na ndiyo sababu hata hospitalini tunaagiza kitambaa cha uvuguvugu. Robo saa ya joto juu ya kope, kufumba na kufumbua taratibu, kisha siku nzima bila simu, hiyo peke yake ni tiba kwa mwenye tezi zilizoziba. Kama dawa zilizopikwa ndani ya samli zinaongeza kitu juu ya hapo, tafiti zilizopo hazijanishawishi.

Naweza kujifanyia tarpana nyumbani kwa samli ya dukani?

Usifanye. Ninajibu kwa mkato kwa sababu nimeyaona matokeo.

Mama mmoja aliletwa kwetu na bintiye, jicho la kulia limevimba hawezi kulifungua. Alikuwa amefuata video ya simu. Unga alikuwa nao, samli alikuwa nayo, ileile ya kupikia, kopo lake likiwa limechotwa kwa kijiko cha pilau wiki mbili. Tulipotia rangi ya manjano, kidonda kilionekana katikati ya konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, cheupe, ukingo wake umechakaa. Tuliliokoa jicho, lakini kovu limebaki mbele ya mboni, na sasa anatumia la kushoto kusoma msahafu.

Jicho kavu halina ulinzi wa jicho la kawaida. Machozi yana vitu vinavyoua vijidudu, na machozi yakipungua hivyo navyo hupungua, tena ngozi ya juu ya konea huwa na michubuko midogo ya kupitishia vijidudu. Hata bidhaa ya kiwandani inaweza kuponza. Mwaka 2023 machozi ya bandia yaliyotengenezwa Chennai, India, yaliuzwa Marekani yakiwa na bakteria sugu. Watu 81 waliambukizwa, 14 wakapoteza uwezo wa kuona, 4 wakafariki. Na hayo yalikuwa katika chupa zilizofungwa. Sasa fikiria kopo la jikoni.

Na asali, mafuta ya nyonyo, maji ya triphala, marashi ya waridi?

Asali ya mzinga ina vijidudu na masalia ya nyuki. Ipo asali iliyosafishwa maalumu kwa macho na imefanyiwa tafiti zenye matumaini, ila hiyo haifanani na ya chupa ya sokoni.

Mafuta ya nyonyo yanatumika kweli kwenye baadhi ya matone ya kiwandani ya macho makavu, yakiwa yamesafishwa na kuchanganywa kwa kiasi kidogo sana. Ya kupaka nywele hayaingii jichoni.

Triphala ni unga wa matunda matatu: amla, bibhitaki na haritaki. Watu huuloweka usiku na kuoshea macho asubuhi. Ungaunga unaopita kwenye kitambaa hukwaruza konea, na maji ya bomba au ya kisima yanaweza kuwa na amiba inayokula konea, ambayo kuitibu ni kazi ya miezi. Anayevaa lenzi za machoni ndiye aliye hatarini zaidi. Kama unaipenda triphala, inywe, baada ya kumwambia daktari wako dawa nyingine unazotumia, na ujue kwamba inaendesha tumbo.

Marashi ya waridi hapa Pwani tumerithi kwa bibi zetu, na Wahindi nao hutia maji ya waridi machoni. Chupa nyingi za dukani siku hizi ni manukato tu yaliyochanganywa na maji. Yabaki ya harusini na msibani.

Wanja je? Ayurveda si inatumia wanja?

Inatumia, na wanja huo hutengenezwa kwa dawa mbalimbali. Lakini wanja wa jiwe, ambao kwetu hupakwa hata watoto wachanga, mara nyingi ni madini ya risasi. Mtoto akijifuta jicho na kulamba kidole, risasi inaingia mwilini na kuudhuru ubongo wake. Kwa mtu mzima mwenye macho makavu, wanja wowote unaopakwa ndani ya ukingo wa kope huziba zilezile tezi tunazohangaika kuzifungua. Nimewaambia maharusi, nao wakanisikiliza: paka nje ya nywele za kope, na ufute kabla ya kulala.

Mafuta ya puani yanahusiana nini na macho?

Tiba hiyo inaitwa nasya, na kwa ugonjwa huu hutumika anu taila, mafuta ya ufuta yaliyopikwa na dawa nyingi. Uso hukandwa na kupashwa mvuke kwanza, matone yakatiwa puani mgonjwa akiwa amelala kichwa kikiwa kimeshuka, kisha anatema yanayofika kooni.

Zamani niliidharau habari ya pua, mpaka mwaka 2021 Marekani iliporuhusu dawa ya kupuliza puani kwa ajili ya macho makavu. Inaamsha neva ya ndani ya pua, na neva hiyo inaziamuru tezi za machozi. Njia ya pua kwenda jichoni ipo, basi. Haimaanishi anu taila inaifuata njia hiyo kwa kiwango hicho. Dawa ni tofauti kabisa. Hatari ya nasya ni mafuta kuteremka mapafuni, hasa kwa wazee na wenye pumu, na mafuta yakishaingia mapafuni huleta uvimbe usiosikia dawa upesi. Asifanye mtu peke yake, na asifanye akiwa na mafua au homa.

Vidonge na unga wa kunywa vya Ayurveda ni salama?

Inategemea vimetoka wapi. Tawi moja la Ayurveda hutumia madini kwa makusudi, zebaki na risasi zikiwemo, kwa imani kwamba yakichomwa na kusagwa kwa utaratibu wake huwa dawa. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walipima bidhaa 193 za Ayurveda zilizouzwa kwa intaneti, na takriban moja kati ya tano ilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Zilitengenezwa India na Marekani kwenyewe pia.

Kwa hiyo usinunue pakiti isiyo na jina la mtengenezaji, viambato na namba ya toleo. Mjamzito na anayenyonyesha asinywe kabisa bila daktari wake kujua.

Binti wa Raila Odinga alitibiwa Kerala akapata kuona. Si ushahidi huo?

Swali hili Wakenya huniuliza kila wiki, na ninalijibu kwa adabu kwa sababu ni habari ya familia. Rosemary Odinga alipoteza uwezo wa kuona baada ya ugonjwa wa ubongo. Alitibiwa katika hospitali ya Sreedhareeyam iliyoko Koothattukulam, Kerala, na baba yake alieleza hadharani kwamba alianza tena kuona. Februari 2022 Waziri Mkuu Narendra Modi akaisimulia habari hiyo redioni kwa Wahindi wote. Na ni katika mji huohuo, alikokwenda kwa matibabu, ndiko marehemu Raila mwenyewe alikofariki tarehe 15 Oktoba 2025.

Nafuu ya Rosemary ninaifurahia. Lakini tatizo lake lilikuwa kwenye neva inayopeleka picha ubongoni, nyuma ya jicho. Macho makavu ni ugonjwa wa mbele kabisa, wa utando na kope. Habari yake haiwezi kutuambia lolote kuhusu ukavu wako. Vilevile habari ya mtu mmoja, hata awe maarufu vipi, haitwambii wangapi walikwenda wakarudi vilevile.

Nimeambiwa nitazame mshumaa bila kupepesa mpaka machozi yatoke. Nifanye?

Hiyo ni trataka, zoezi la yoga, na lengo lake ni kutuliza akili. Kwa macho makavu ni kinyume cha unachohitaji. Mtu hupepesa kama mara 15 kwa dakika, na akiwa kwenye simu au kompyuta hushuka mpaka nusu au chini ya hapo. Tayari hupepesi vya kutosha. Zoezi lako liwe hili: kila dakika 20 inua macho, tazama mbali, kiasi cha mita 6, kwa sekunde 20, na upepese kwa kufumba kope mpaka zigusane kabisa.

Kuna chakula cha kusaidia?

Ayurveda inasifu choroko, shayiri, komamanga, zabibu, amla, maziwa na samli ya kula, na inakataza pilipili, chumvi na chachu kupita kiasi. Hakuna baya humo, ila mwenye lehemu nyingi apime samli yake. Mimi ninaongeza mchicha, maembe, papai na viazi lishe kwa ajili ya vitamini A, dagaa na samaki kwa afya ya mwili, na maji ya kunywa.

Mtoto wangu ana macho makavu. Nimtibu kwa Ayurveda?

Mpeleke hospitali leo. Kwa mtoto mdogo, macho yaliyofifia, mabaka meupe yenye povu pembeni mwa jicho, au kushindwa kuona magharibi ikiingia ni dalili za upungufu wa vitamini A. Konea yake inaweza kuyeyuka kwa siku chache. Vidonge vya vitamini A hutolewa bure kwenye vituo vya afya. Asitiwe maziwa ya mama, asitiwe samli, asitiwe kitu.

Niache matone ya hospitali nikianza tarpana?

Machozi ya bandia endelea nayo. Matone ya presha ya macho usiyaguse bila daktari aliyeyaandika, kwa sababu ukiyaacha utapofuka polepole bila kuhisi maumivu.

Hapa niseme jambo ambalo halihusu Ayurveda. Matone ya deksamethasoni, dawa ya steroidi, yanayouzwa kaunta kwa kila jicho jekundu ni hatari kuliko mengi niliyoyataja juu. Yanatuliza siku ileile, mtu anayapenda, anayatumia miezi, na mwisho anapata presha ya macho au mtoto wa jicho. Wapo wagonjwa waliokimbilia tiba asili kwa hofu ya dawa hizo, na hofu yao ninaielewa.

Nani asifanyiwe tarpana kabisa?

Mwenye jicho lenye usaha, maumivu makali, kidonda cha konea, uvimbe wa ndani ya jicho, aliyepasuliwa jicho karibuni, na mwenye presha ya macho isiyodhibitiwa. Vitabu vya Ayurveda vyenyewe vinakataza kufanya siku ya mawingu mazito, siku ya joto au baridi kali, na kwa mtu mwenye hofu au uchovu. Mwanga ukikuumiza ghafla au kuona kukipungua, hilo ni la daktari wa macho siku hiyohiyo.

Vaidya wa kweli nitamtambuaje?

India, digrii ya kwanza ya Ayurveda, BAMS, huchukua miaka mitano na nusu pamoja na mafunzo ya vitendo, na mtaalamu wa macho huongeza shahada ya uzamili ya Shalakya Tantra, tawi la Ayurveda la macho, masikio, pua na koo. Uliza hiyo ya pili. Tanzania, anayetoa tiba asili au tiba mbadala anapaswa kusajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Omba kuona cheti. Kisha tazama kazi yake. Je, amekuangalia kwa darubini ya macho kabla ya kukuambia ulale? Samli anaifungua mbele yako, au inatoka kwenye bakuli lililotumiwa na mgonjwa aliyekutangulia? Anakubali kuandika majina ya dawa? Anayekuahidi kwamba utatupa miwani, au anayekutaka uache dawa za kisukari, muage.

Nimeamua kwenda Kerala. Nijiandae vipi?

Fanya vipimo vyote hapa kwanza, vile vya karatasi na rangi, na ubebe majibu kwa maandishi ili uweze kulinganisha ukirudi. Tangu 2023 India ina viza maalumu ya Ayush kwa wanaokwenda kwa tiba za asili za nchi hiyo; iulizie ubalozini. Kerala wenyewe hupenda kutibiwa mwezi wao wa Karkidakam, katikati ya Julai hadi katikati ya Agosti, wakati wa masika yao. Ukikumbuka kwamba vitabu havitaki tarpana siku ya mawingu, muulize vaidya wako mapema miadi ya macho aipange lini.

Weka fedha za kurudi kwa daktari wako wa macho ndani ya wiki chache baada ya kutua, upimwe upya kwa karatasi ileile. Na kwenye ndege vaa miwani, usivae lenzi, na uweke machozi ya bandia kwenye mkoba wa mkononi, kwa sababu hewa ya ndani ya ndege ni kavu kuliko ya ofisi yoyote yenye kiyoyozi.